Mjane wa Siku Saba

Mume wangu Truno alikuwa mwoga. Nasema hivyo bila kumtukana, maana yeye mwenyewe aliniambia, na aliniambia mimi peke yangu. Kila alfajiri ya kutoka doria alikaa ukingoni mwa kitanda chetu huku vidole vikimtetemeka, hata akashindwa kufunga vifungo vya koti lake la jeshi. Mimi ndiye niliyemfungia, kuanzia chini kwenda juu, naye akinitazama kama mtoto anayevishwa nguo ya kupelekwa kutahiriwa. Kisha alichukua bunduki, akampapasa binti yetu Sumi kichwani, akatoka nje na uso mkavu kama wa wenzake.

Tulikuwa Acheh, katika ngome ndogo ya Lam Jeru, na huo ulikuwa mwaka wake wa tano katika jeshi la Kumpeni, Waholanzi waliokuwa wakipigana na Waacheh. Kwetu Bagelen, huko Java, Truno alikuwa mkulima wa mpunga. Nyati wetu wawili walikufa ndani ya mwezi mmoja, na kabla hatujamaliza kulia akapita mtu wa kuandikisha askari. Truno akatia alama yake kwenye karatasi, nami nikamfuata. Mama yangu aliniambia kwamba mwanamke akishaingia bweni la askari, kijiji hakimpokei tena. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na nilidhani mama anasema kwa hasira tu.

Bweni lenyewe lilikuwa jumba moja refu la mbao, limeezekwa makuti. Humo tulilala familia ishirini na sita, kila moja juu ya kitanda chake, na kati ya kitanda na kitanda palikuwa na pazia la kitambaa tu. Watoto walilala uvunguni. Ukigombana na mumeo asubuhi, mchana watu kisimani wanakupa ushauri.

Kitanda kilichofuata chetu kilikuwa cha Koplo Wirya, mtu wa Banyumas. Mke wake alikuwa amekufa kwa kipindupindu mwaka uliotangulia. Alikuwa mcheshi mwenye ulimi mkali, na Truno ndiye aliyekuwa ngoma yake ya kupiga. Akimwona hali wali kabla ya doria, alimwambia mbele ya watu, "Kula, bwana. Waacheh hawapendi kukata nyama kavu." Watu walicheka, Truno naye akacheka. Mimi sikucheka.

Siku hiyo walitoka askari ishirini na wanne kuwasindikiza wafungwa wa minyororo waliobeba mchele kupeleka ngome ya pili. Ilikuwa safari ya nusu siku kwenda na nusu siku kurudi. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu na njia ya korongoni, kwenye mianzi, ilikuwa tope tupu. Alasiri tukasikia buruji. Wanawake tukaacha masufuria tukaenda langoni, kama tulivyofanya siku zote. Kulikuwa na desturi kwamba hakuna anayeuliza. Unasimama, unaangalia, unahesabu.

Walirudi kumi na saba. Walikuja mbio, wala hawakuwa kwenye safu. Mmoja alibebwa mgongoni na mwenzake. Niliwaangalia wote mara mbili, kisha nikawaangalia tena, nikidhani pengine Truno amejaa tope hata simtambui. Wirya aliingia wa mwisho, mkono wake wa kushoto umefungwa kitambaa chenye damu. Alinipita. Kisha akarudi hatua mbili, akasema bila kunitazama usoni, "Mama Sumi, ameanguka korongoni. Nimemwona kwa macho yangu. Usimsubiri."

Sikulia hapo. Nilikwenda kuipua chungu changu, kwa sababu wali ulikuwa unaungua.

Sheria ya bweni haikuandikwa popote, lakini kila mwanamke aliijua. Askari akifa, kitanda chake ni cha askari. Mjane hupewa siku saba. Ndani ya siku hizo apate mwanamume wa humo bwenini wa kumwandikisha kuwa mkewe, au atoke nje ya ugo asubiri merikebu ya kurudi Java. Merikebu ilikuja mara moja kwa mwezi, na ilikuwa imeondoka juzi yake tu. Kwa hiyo kutoka maana yake ilikuwa mwezi mzima nje ya ugo, mimi na mtoto wa miaka mitatu, katika vibanda vya ufukweni ambako hata walinzi hawakupenda kufika.

Aliyekuja kunipa habari hiyo alikuwa Sajenti Dulmanan, msimamizi wa bweni letu. Alikuja asubuhi iliyofuata, akasimama miguuni mwa kitanda, akatangaza siku saba kwa sauti ya kazi. Kisha akainama, akaweka juu ya mkeka wangu kanga mpya ya batiki, imekunjwa vizuri. "Uchague kwa akili," akasema, akaondoka.

Nilikaa nikiitazama ile batiki kama mtu aliyewekewa nyoka kitandani. Mke wa mwisho wa Dulmanan tuliambiwa alianguka kisimani akafa. Kisima chetu kilikuwa na ukuta ulionifika kifuani.

Mama Karto, mzee wetu wa bweni, ambaye alikuwa amezika waume watatu jeshini na sasa alikuwa na wa nne, alikuja kuketi nami. Nilimwambia sitaki mwanamume, nataka kumlilia mume wangu. Akanijibu kwamba kulia ni kwa wenye nyumba. Akaniambia nikimkataa Dulmanan bila kuwa na mwingine, nitatolewa nje siku hiyohiyo, naye atanifuata huko huko nje, ambako hakuna jirani wa kusikia.

"Basi nifanye nini, mama?"

"Chukua mwenye ulimi. Mkono unaumiza kuliko ulimi."

Nilijua anamsema nani. Kwa siku nne sikumjibu. Siku hizo nilijifunza kuogopa vitu vidogo: pazia likitikisika, kiatu kikisimama karibu, mtu akimwita Sumi kumpa kipande cha sukari ya mnazi. Dulmanan alipita kila asubuhi na kila jioni, akaniuliza kama kanga imenipendeza. Siku ya tano Wirya alisema kutoka upande wake wa pazia, polepole, bila mzaha hata kidogo, kwamba kama nitakubali atakwenda kuniandikisha kabla ya buruji ya mchana. Alisema Sumi atakula kabla yake. Nikamwambia aende.

Basi pazia lililokuwa kati yetu likatolewa. Sitadanganya: nilikuwa mke wake. Hakunipiga wala hakuniambia neno baya. Batiki nilimrudishia Dulmanan kwa mkono wa Mama Karto. Aliipokea akatabasamu, na tabasamu lile lilinitisha kuliko kama angenitukana.

Siku ya saba, adhuhuri, nilikuwa kisimani nikifua koti la Wirya. Mlinzi wa mnarani akapiga kelele kwamba kuna mtu kwenye matete. Askari wakakimbilia ukuta na bunduki zao. Sauti ikaja kutoka nje, nyembamba, ikitaja namba ya kikosi kwa Kimalai, lugha ya jeshi, kisha kwa Kijava ikisema, "Msipige, jamani, ni mimi." Lango likafunguliwa. Akaingia mtu mwenye rangi ya tope kuanzia nywele hadi kucha, hana kofia, hana bunduki, maruba yamemning'inia miguuni.

Nilimjua kwa mwendo wake kabla ya uso. Watu huniuliza nilifurahi kiasi gani. Sikufurahi. Niliogopa, nikakaa chini kwenye maji ya sabuni na koti la mwanamume mwingine mapajani mwangu.

Dulmanan ndiye aliyemfunga mikono. Askari anayerudi baada ya siku saba, bila jeraha na bila bunduki, si mtu aliyepotea. Ni mtoro. Adhabu ya mtoro aliyetupa silaha mbele ya adui tulikuwa tumewahi kuiona: mtu alivuliwa koti mbele ya kikosi, akatiwa minyororo, akaenda kuungana na wale wafungwa waliobeba mchele, na miezi minne baadaye hatukumwona tena. Kapteni alisema kesi itasikilizwa kesho kutwa. Shahidi ni mmoja, Koplo Wirya, kwa sababu yeye ndiye aliyeapa amemwona Truno akifa.

Walinipa ruhusa ya kumpelekea mahabusu chakula, kwa kuwa hakukuwa na mwingine wa kufanya hivyo. Mahabusu ilikuwa banda la magogo karibu na ghala. Mlinzi alikuwa kijana wa Madura, hakijui Kijava vizuri, lakini tulizungumza kwa kunong'ona hata hivyo. Truno alikuwa na homa. Alikula wali na samaki wa chumvi kwa mikono miwili, kisha akaniambia yote.

Waacheh walitoka kwenye mianzi pande zote mbili kwa mpigo, na mapanga yao marefu. Alifyatua risasi moja, hajui ilikwenda wapi. Halafu alikuwa anakimbia. Hakumbuki aliitupa wapi bunduki. Aliteleza korongoni, akaingia chini ya gogo lililoanguka mtoni, maji yakimfika kidevuni, akakaa hapo hadi giza na kesho yake tena hadi giza. Watu walipita juu ya gogo, aliona visigino vyao. Siku ya tatu, kikongwe mmoja wa Kiacheh alikuja kukata majani, akainama, wakatazamana. Yule bibi aliendelea kukata majani yake, akajitwika, akaenda. Truno hakujua kama anakwenda kuita watu. Alisema saa zile za kungoja zilikuwa mbaya kuliko mapanga.

Kisha akaniuliza, "Nani analala pale kwetu?"

Nikamwambia.

Nilidhani atanilaani, na nilikuwa tayari. Akauliza tu, "Sumi hamwogopi?"

"Hamwogopi."

"Afadhali." Akajifuta mdomo. Halafu akasema jambo ambalo lilinifanya nigeuke kumtazama mlinzi kama amesikia. "Mama Sumi, Wirya alikimbia kabla yangu. Mimi nilikimbia kwa sababu nilimwona yeye akikimbia. Ule mkono wake umekatwa na mianzi."

Niliondoka pale na chungu kitupu. Nilikuwa ninalala na mtu ambaye kesho kutwa angesema neno moja na kumfanya mume wangu awe mfungwa wa minyororo. Neno hilo lingekuwa la kweli. Lingemwachia kitanda, mke na mtoto. Na sasa nilikuwa najua kitu ambacho mtu huyo hakutaka kijulikane na yeyote. Kama nikinyamaza, Truno amekwisha. Nikisema, huenda mimi ndiye nitakayekwisha. Wirya alikuwa mpole kwangu siku mbili, lakini hata Dulmanan huenda alikuwa mpole siku mbili za mwanzo.

Nilimngoja mpaka aliporudi kutoka lindo. Nilimpakulia chakula, nikamwambia Sumi aende kwa Mama Karto. Kisha nikasema, nikiangalia sahani yake, "Baba Sumi alikuona."

Hakuuliza alimwona wapi. Mkono wake ulisimama kwenye wali. Pande zote za bweni watu walikuwa wanaongea, mtoto analia, mtu anakuna nazi, na mimi nikisubiri kuona mkono ule utakwenda wapi.

"Nani mwingine anajua?" akauliza.

"Mimi na yeye."

"Na umeniambia mimi, hapa, peke yako." Alitikisa kichwa. "Wewe mwanamke una moyo gani?"

"Sina moyo. Naogopa. Lakini nimeshakuambia."

Akaisukuma sahani. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba yeye aliamini Truno amekufa. Alimwona akitumbukia, hakungoja kuona zaidi, na alipokuwa anakimbia alijiambia amekufa, hadi akaamini. Alipofika langoni na kuniona, akaona ni rahisi zaidi kwake kama ni kweli. Halafu akakuna kitambaa cha mkono. Mwisho akasema, "Haya. Ama tunapona wote wawili, ama tunavaa minyororo wote wawili. Kesho ukimpelekea wali, mwambie hivi."

Maneno yenyewe yalikuwa machache. Mwacheh alimpiga Truno begani kwa kitako cha bunduki aliyomnyang'anya askari mwingine. Bega la kulia. Truno akapoteza fahamu, akaporomoka korongoni, bunduki ikaenda na maji. Alipozinduka maadui walikuwa kila mahali. Basi.

Kesho yake nilimkuta Truno anawaka kama kaa. Nilimwambia mara tatu, nikimlisha kwa mkono ili mlinzi adhani namfariji tu. Alirudia nyuma yangu kama mtoto wa madrasa, lakini macho yake yalikuwa yanakwenda juu, na tonge la mwisho alilitema. Sikujua kama kuna lililobaki kichwani mwake.

Kesi ilisikilizwa asubuhi barazani kwa Kapteni. Sisi wanawake tulisimama kwenye ukuta wa jiko, ambako tungeweza kusikia bila kufukuzwa. Wirya alisema hadithi yake kwa sauti kavu ya askari. Dulmanan alikuwa mkalimani wa kesi, na aliruhusiwa kuuliza. Akamgeukia Truno aliyekuwa ameshikiliwa na watu wawili asianguke. Alimuuliza alipigwa na nini. Truno akasema kitako cha bunduki. Nikashusha pumzi. Alimuuliza bunduki yake iko wapi. Akasema majini.

"Ulipigwa bega gani?"

Niliona midomo ya Truno ikitafuta neno. Mama Karto alinishika kiuno kwa nguvu, akijua nikifungua mdomo tumekwisha.

"La kushoto," Truno akasema.

Dulmanan hakuwa na haraka. Alimgeukia Kapteni, akaeleza kwa Kimalai, taratibu, kwamba Koplo amesema la kulia na mshtakiwa amesema la kushoto. Halafu akamtazama Wirya kwa tabasamu lile nililolijua.

"Bwana Kapteni," Wirya akasema, "alikuwa amenielekea uso kwa uso. Kushoto kwake ni kulia kwangu. Mimi nilisema nilivyoona. Sajenti akitaka, aje asimame mbele yangu, tupimane."

Askari mmoja alikohoa ili asicheke. Kapteni, Mholanzi mnene aliyekuwa anaumwa tumbo tangu kuja kwake na aliyetaka tu kurudi kivulini, alicheka waziwazi. Alimwambia mganga wa kikosi aangalie bega. Mganga akagusa bega la kushoto, Truno akapiga ukelele. Mtu mwenye homa ya namna ile ungemgusa popote angelia. Mganga akatikisa kichwa kukubali.

Hukumu ikatolewa palepale. Truno kwa kupoteza bunduki: fimbo ishirini za henzerani. Wirya kwa kutoa taarifa ya kifo bila kuhakikisha: avuliwe cheo, awe askari wa kawaida. Na mwanamke arudi kwa aliyeandikishwa naye kwanza. Jambo langu mimi lilisemwa la mwisho, baada ya bunduki.

Fimbo zilichapwa siku hiyohiyo, na aliyezichapa ni Dulmanan. Mimi nilihesabu, nikiwa nimemziba Sumi masikio. Usiku tatu Truno alilala kifudifudi nami nikimkanda kwa maji ya majani ya mdalasini. Pazia lilirudishwa mahali pake. Upande wa pili Wirya alikuwa kimya, hana mzaha tena, na ule ukimya wake uliniogopesha kwa namna mpya. Walikuwa wamebakiza miezi kumi na minne ya kutembea pamoja kwenye njia zile za mianzi, watu wawili ambao kila mmoja alikuwa na shingo ya mwenzake mkononi. Kila walipotoka sikuogopa tena Waacheh peke yao. Niliogopa kwamba siku moja atarudi mmoja, aseme amemwona mwenzake akianguka, nami nimtazame machoni na nisijue kamwe.

Haikuwa hivyo. Mwezi wa tisa baada ya kesi ile, miguu ya Wirya ilianza kuvimba, ule ugonjwa uliomaliza nusu ya kikosi, na akawa hana hisi kuanzia magotini kwenda chini. Alihamishiwa chumba cha wagonjwa. Truno alikwenda kila jioni kumpelekea maji ya kunywa. Sikumuuliza wanazungumza nini. Mara moja nilimfuata, nikawakuta hawazungumzi. Truno anamkanda miguu, na Wirya anatazama paa. Aliponiona aliniambia, "Shemeji, mwambie mumeo ana mikono mizito kama nyati." Hilo ndilo neno lake la mwisho kwangu. Alikufa siku ya Ijumaa, na Truno alikuwa mmoja wa waliomwosha.

Mkataba ulipokwisha tulipanda merikebu ya Java. Kijiji kilitupokea vizuri kuliko alivyosema mama, lakini si sana. Sumi aliolewa kijiji cha pili, na mumewe hakuambiwa kwamba mkewe alizaliwa bwenini. Truno alilima tena. Watu wa Bagelen walijua tu kwamba alipigana Acheh, na vijana walimheshimu kwa hilo. Mkuu wa kijiji alikuja siku moja kumwomba awe mlinzi wa kijiji, kwa kuwa kulikuwa na wezi wa mifugo. Truno alimwambia amechoka. Mkuu akasisitiza, akisema mtu aliyepambana na mapanga ya Waacheh atashindwaje na wezi wa mbuzi.

Truno alinitazama. Nikaona vidole vyake juu ya magoti.

Nikamwambia Mkuu kwamba mgongo wa mume wangu una makovu ya vita na hauwezi kubeba zamu za ulinzi. Lilikuwa neno la kweli. Mkuu akainamisha kichwa kwa heshima, akaomba radhi, akaondoka. Truno alikwenda shambani kufungulia maji, nami nikaendelea kupepeta mchele.